Umeme unaokata ndani ya maji ya chumvi

Wanafunzi wakiona ncha ya kifaa cha upasuaji inawaka rangi ya machungwa katika beseni la maji, huuliza: mbona maji hayauzimi mwanga ule? Ni kwa sababu mwanga ule haumo kwenye maji. Umo kwenye mvuke.

Maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yaleyale ya dripu, hupitisha umeme vizuri. Tumbukiza elektrodi (vipande vya chuma vya kupitishia umeme) mbili, moja ndogo na moja pana, uzipe umeme wa volti 300 hivi unaogeuka mwelekeo kwa kasi ya kilohezi 100. Mkondo hubanana kwenye ile ndogo, maji yanayoigusa yakachemka, na viputo vikaungana kuwa utando wa mvuke. Mkondo huporomoka, kwani mvuke haupitishi umeme. Karibu volti zote sasa zimeulalia utando huo. Volti 300 kwenye unene wa mikromita 100 ni sawa na volti milioni 3 kwa mita, kiwango ambacho hata hewa tunayovuta hupasuka kwa cheche. Elektroni huchomoka, zikavunja molekuli za maji kuwa hidrojeni na radikali za haidroksili (vipande vya molekuli vyenye ukali wa kuvunja tishu), na sodiamu ikang'aa kwa mwanga wake wa nanomita 589. Hiyo ndiyo plazima, yaani gesi ambayo elektroni zimechomoka kwenye atomi zake (si ile ya damu).

Hutumika kuondoa mafindofindo na kusafisha magoti, ila faida ninayoithamini zaidi iko kwenye upasuaji wa tezi dume. Kifaa cha zamani kilirudisha umeme kupitia bamba lililobandikwa mwilini, hivyo kilihitaji kioevu kisichopitisha umeme, kama glaisini. Kioevu hicho kikiingia kwa wingi kwenye mishipa, sodiamu ya damu hushuka. Mgonjwa huchanganyikiwa, hata kupata degedege. Elektrodi zote mbili zikiwa kwenye ncha, maji ya chumvi yanatosha, na hatari hiyo ya sodiamu karibu inaondoka. Ya kuzidiwa na maji mwilini inabaki.

Wauzaji huiita plazima baridi. Sikubaliani nao sana. Elektroni zake zina nishati ya elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe ndogo) kadhaa, wala hakuna ubaridi hapo. Tishu haziungui kwa sababu utando ni mwembamba na maji yanayopita hubeba joto. Mtiririko ukiziba ndani ya goti, maji hupanda joto, na kwenye nyuzi 50 hivi seli za gegedu huanza kufa. Kwa hiyo mimi hukagua mrija wa kutolea maji kabla ya kugusa kitufe cha nguvu.