Elimu bila ada: yanayosemwa vijiweni na yaliyopo shuleni

Tangu Januari 2016, shule za serikali Tanzania, kuanzia awali mpaka kidato cha nne, hazitakiwi kutoza ada wala michango ya lazima. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ndio ulioamua hivyo. Naunga mkono uamuzi ule kwa moyo wote, maana uliwafungulia mlango watoto waliokuwa wanakwamishwa na michango. Lakini kuna maneno yanayozunguka mitaani ambayo yanawaumiza watoto haohao.

Dhana: "Bila malipo" maana yake mzazi hadaiwi kitu.

Sivyo. Sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vilibaki mikononi mwa mzazi, na serikali ilieleza hivyo. Hapo kwenye chakula ndipo pagumu. Mtoto aliyeondoka nyumbani alfajiri bila hata kikombe cha uji, ikifika saa sita mchana anaangalia ubao tu, hakuna kinachoingia.

Dhana: Mwalimu mkuu akiomba mchango, ujue ruzuku ameshaila.

Wapo wanaokula, na hao washughulikiwe. Ila tupige hesabu kwanza. Ruzuku, yaani fedha ya serikali ya kuendesha shule, iliyopangwa kwa mwanafunzi wa msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 zilitengwa kwa vitabu kabla hazijafika shuleni, zikaingia 6,000. Shule yenye watoto 800 inapata 4,800,000, yaani 400,000 kwa mwezi. Humo utoe chaki, karatasi za mitihani ya majaribio, bili ya maji, umeme, kitasa kilichoharibika, bati lililong'olewa na upepo. Mlinzi bado hujamgusa.

Kiwango hicho cha shilingi 10,000 ni cha enzi za MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilipokuwa sawa na dola 10 hivi za Marekani. Mwaka 2016 kilikuwa kilekile, na kwa thamani ya wakati huo hakikufika hata dola 5. Kwa maoni yangu, hasira zetu tungezipeleka kwa mbunge wakati wa bajeti, kabla ya kumvamia mwalimu mkuu ofisini.

Dhana: Madarasa yakitosha, kazi imekwisha.

Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa IMF wa kukabiliana na UVIKO-19, serikali iliamua kujenga madarasa 15,000, na mengi yalisimama ndani ya miezi michache. Mwalimu hapatikani kwa kasi hiyo. Anasomeshwa miaka, kisha analipwa mshahara kila mwezi mpaka astaafu.

Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Ingia darasa la kwanza katika shule nyingi za serikali ukute mia na zaidi. Anayefundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) anatakiwa amsikie kila mtoto akisoma "ba, be, bi". Akimpa kila mmoja dakika moja tu, watoto 120 wanamaliza saa mbili, wakati kipindi ni dakika 30. Basi wanaitikia kwa pamoja, na asiyejua anajificha ndani ya sauti za wenzake. Anaweza kufika darasa la nne akiwa hivyo.

Tumeshapita njia hii. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi, watoto waliingia shule kwa wingi, na kuziba pengo vijana waliomaliza darasa la saba wakafanywa walimu, wakijifunza kazi hukohuko kazini.

Dhana: Msichana akijifungua, shule ndiyo basi.

Ilikuwa hivyo. Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi.

Dhana: Siku hizi vikao vya wazazi havina kazi.

Hii naiona mbaya kuliko zote. Michango ya hiari inaruhusiwa, wazazi wakikubaliana wenyewe na kufuata utaratibu. Kisichoruhusiwa ni kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachanga. Sasa wazazi wasipofika, nani atasema uji uanze, au nani atagundua kwamba "hiari" imegeuzwa lazima? Mapato na matumizi ya shule hutakiwa kubandikwa kwenye mbao za matangazo. Yasome. Usipoyaona, muulize mwenyekiti wa kamati ya shule ruzuku ya mwezi uliopita iliingia kiasi gani na ilinunua nini.