Bei ya kambi mliyoiona siyo lazima iwe mtakayolipa

Kila Mei wazazi wetu walioko Marekani husema lilelile: "Tumeona bei ya kambi ya watoto ya kiangazi, hatuiwezi." Wakishaona dola, hawaulizi tena. Dhana hii inawanyima watoto kiangazi kizima, kwa hiyo nianze nayo.

Bei iliyobandikwa ni ya familia isiyoomba chochote. Matawi ya mashirika ya watoto na vijana kama YMCA, Boys & Girls Clubs na idara nyingi za bustani na michezo za miji zina fungu la kupunguza ada kulingana na mapato na idadi ya watu nyumbani. Si lazima mzazi awe hana kazi. Wa kiwandani na msafishaji wa hoteli nao hupata. Ila fungu huisha, na anayewahi ndiye anayepata. Ombeni kati ya Januari na Machi, kabla ya kulipa chochote, kwa sababu malipo ya kushika nafasi mara nyingi hayarudishwi.

Andaeni hati za mshahara za mwezi mmoja za kila mtu mzima anayefanya kazi, fomu ya kodi 1040, uthibitisho wa anwani, na barua ya SNAP (msaada wa serikali wa chakula) au Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) kama mnayo. Maombi mengi hukwama kwa mambo madogo: picha ya simu imekata jina au tarehe, kichanga na bibi hawakuhesabiwa, kaya ya watu 7 ikaandikwa 5, mapato yakaonekana makubwa, au kazi imekwisha lakini kodi ya mwaka jana imetumwa bila maelezo. Andikeni sentensi tatu: kazi iliisha lini, sasa mnaingiza kiasi gani, na mnaweza kulipa kiasi gani kwa wiki. Hiyo ya tatu wengi huionea haya. Itajeni, maana ofisa anahitaji tarakimu ya kuanzia.

Ulizeni pia saa. Kambi ya saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri haimfai mzazi anayetoka kazini saa 11 jioni, na saa za ziada hulipiwa kando. Ulizeni kama punguzo linazigusa.

Wengine hudhani chakula cha bure cha kiangazi kina makaratasi. Kwenye vituo vya wazi vya SUN Meals, mpango wa serikali wa chakula cha kiangazi kwa watoto, mtoto wa miaka 18 au chini anakula bila kuandikishwa. Mara nyingi sharti ni ale palepale. Pigeni 211, namba ya simu ya huduma za jamii, mwulizie kituo cha karibu. Maktaba nazo zina programu za kusoma na kazi za mikono bila ada yoyote.

Kuna wanaoamini kambi yoyote hupunguza kodi. Kambi ya kulala haihesabiki. Ya mchana inahesabika kwa mtoto aliye chini ya miaka 13, ikiwa wazazi wanamwacha huko ili waende kazini. Chukueni namba ya kodi ya kambi mapema; fomu 2441, ya kuombea nafuu hiyo ya kodi, itaidai. Na kama hamdaiwi kodi yoyote ya mapato, msitegemee nafuu hiyo.

La mwisho: "Cheti cha daktari tutakitafuta baadaye." Kambi nyingi humrudisha mtoto mlangoni bila rekodi ya chanjo na fomu ya uchunguzi. Medicaid hulipia uchunguzi wa mtoto. Wekeni miadi Aprili, na mpelekee daktari fomu ya kambi na ya shule siku hiyohiyo.