Mharagwe haujui Ikweta iko wapi

Ukifika Nanyuki penye kibao cha Ikweta utawakuta vijana wa beseni na njiti: upande huu maji yanazunguka hivi, ukivuka hatua chache yanazunguka vile. Siri iko kwenye mkono wa anayemimina. Jirani yangu wa Kahawa West aliporudi kutoka huko alikuwa na somo jipya: ati mharagwe wa kutambaa hapa Nairobi, kusini mwa Ikweta, hujiviringisha kinyume na ule wa Ulaya.

Sivyo. Wa Nairobi na wa London huenda upande mmoja: ukiutazama kutoka juu, unapanda mti kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Ni urithi wa mbegu. Uviringue uugeuzie upande wa pili, na ncha inayoendelea kukua itarudia njia yake ya zamani. Viazi vikuu ndivyo hukata ubishi kabisa, maana kuna aina zinazopinda kulia na nyingine kushoto, hata zikiwa shamba moja.

Wala mharagwe hauuoni mti ukaufuata. Ncha yake huzunguka hewani polepole kama mtu anayepapasa gizani, hadi iguse kitu. Charles Darwin aliandika habari hizi mwaka 1865. Mmea wa hopsi, ule wa kutengenezea bia, alipoupima wakati wa joto ulimaliza mzunguko mmoja kwa takriban saa 2 na dakika 8. Basi upe mharagwe kijiti chembamba. Nguzo nene huushinda.

Pasheni hutumia vikono, yaani nyuzi nyembamba za kujishikia. Kikono kikigusa waya, upande usiogusa hukua haraka kuliko unaogusa, kikajikunja. Ukuta laini haukishiki.

Na bogenvilia? Wauza miche watakuambia "itapanda yenyewe." Haina vikono, haijiviringishi, hujiegemeza tu kwa miiba. Ifunge kamba.

Wengine hung'oa kila kitambaacho wakidai kinafyonza mti. Mimea mingi ya kutambaa haifyonzi, ina mizizi yake ardhini. Madhara yake ni kivuli na uzito. Mnyonyaji halisi ni zile nyuzi za njano zisizo na majani utakazokuta zimetanda juu ya ua wa kayaba. Zikishajishika, mzizi wao wa ardhini hufa, na chakula chote hutoka kwa kayaba. Usizivute kwa mkono, kipande kitakachobaki kitachipua tena. Kata pamoja na matawi zilikojishika, uchome.