Betri ya tochi isiyo na ulinzi: tunayoambiana na yaliyo kweli

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ukikatika jioni, hapa Bukavu tunabaki na tochi. Nyingi zinatumia betri ya lithiamu ya 18650, milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu, ambayo mafundi wa mtaa wa Kadutu huichomoa kwenye pakiti ya kompyuta iliyokufa. Hiyo haina ulinzi: mkiani hakuna ile bodi ndogo ya saketi inayokata umeme betri ikijaa kupita kiasi, ikiisha mno au ncha zake zikigusana.

“Kama haina ulinzi, ni feki.” Siyo. Ndani ya kompyuta bodi moja ilizilinda betri zote. Fundi akishaitupa, ulinzi unabaki kazi yako. Feki hasa ni ile iliyoandikwa 9900 mAh (kipimo cha chaji inayobeba), maana betri nyingi bora za ukubwa huo hucheza kwenye 3500. Hiyo siichukui hata ya bure.

“Itumie mpaka izime yenyewe.” Hapa ndipo tunapoharibu zaidi. Tochi nyingi za bei ndogo hazijikati. Mwanga hafifu unaendelea hadi betri inashuka chini ya volti 2.5. Ikizidi kushuka na kukaa hivyo, shaba ya ndani huanza kuyeyuka kwenye kimiminika chake, na ukiichaji tena hujigandisha mahali pasipo pake, mpaka siku moja upande huu unagusana na ule. Nilikuta tochi yangu imesahaulika nyuma ya kabati, mita ikasoma 1.1. Jamaa wa kuchaji simu akaniambia, “Iguse na betri nzima, kaka, itaamka.” Iliamka kweli. Nilipoichaji ikachemka hadi nikashindwa kuishika. Siku hizi mwanga ukififia tu nazima, na betri iliyolala chini ya 2 siifufui.

“Paneli ndogo ya jua ya volti 6 haina nguvu ya kuidhuru.” Inayo. Betri imejaa ikifika 4.2, lakini paneli haijui hilo, inaendelea kusukuma. Weka katikati bodi ndogo ya chaji ya TP4056, inayokoma yenyewe kwenye 4.2.

Tochi ya betri mbili? Ziwe pacha, za umri mmoja, zenye chaji sawa. La sivyo ile dhaifu inaisha kwanza na mwenzake anaisukuma kinyume. Mfukoni betri usiibebe pamoja na funguo, zitagusanisha ncha zake.

“Ikishika moto, usimwagie maji, italipuka.” Ndani hakuna bonge la metali ya lithiamu la kulipuka namna hiyo. Chomoa chaja kwanza, kisha maji mengi, kwa sababu kinachotakiwa ni kuipoza. Mchanga unafunika miali huku betri ikiendelea kuchemka chini yake. Moshi wake ni sumu, toa watoto nje. Kwetu ukuta wa mbao wa jirani unaugusa kwa kunyoosha mkono, kwa hiyo yangu naichajia sakafuni kwenye saruji, mbali na pazia, nikiwa macho.