Mpira wa maji wa AC: kwa nini huziba

Toa chupa ya maji kwenye friji, uiweke mezani Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Machi. Muda si mrefu itatoka jasho. Jasho hilo halikuvuja kutoka kwenye chupa, limetoka hewani. Ndani ya kiyoyozi chako kuna koili ya mirija yenye baridi kali inayofanya kazi hiyohiyo usiku kucha: hewa ya chumba ikiigusa, unyevu wake unageuka matone.

Wala si matone ya kubeza. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 hubeba takriban gramu 24 za mvuke kwa kila mita moja ya ujazo. Ikipozwa hadi nyuzi 10, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 hivi. Zilizobaki hudondoka. Ndiyo maana AC ya chumba cha kulala huku pwani inaweza kutoa lita nzima ya maji kwa saa moja.

Maji hayo huangukia kwenye trei iliyo chini ya koili, kisha hutoka nje kupitia mpira mwembamba. AC nyingi za ukutani hazina pampu ya kuyasukuma, yanategemea mteremko tu. Mpira ukiziba, trei hujaa, na maji hushuka ukutani hadi kitandani. Mtu akiona hivyo hudhani mashine imekufa, kumbe ni njia ya maji tu iliyofungwa.

Kinachoiziba kwa kawaida ni utelezi. Vumbi linalopita kwenye filta hulowana, na katika giza na unyevunyevu ule bakteria na kuvu hustawi, wakafanya utando mzito unaovutika kama mlenda. Wakati mwingine ni mdudu aliyejenga kwenye mdomo wa mpira kule nje.

Kwa hiyo kinga huanza kwenye filta. Ifungue, ioshe kwa maji, ianike kivulini ikauke, kila wiki mbili kama AC inawaka kila siku. Kazi hii haihitaji fundi, na naiona ina faida kuliko dawa yoyote ya kumimina. Fundi anapokuja kufanya sevisi, mwombe asafishe trei na mpira pia, maana wapo wanaopuliza koili na kuondoka. Kisha amimine maji taratibu kwenye trei mbele yako, na wewe uone yakitoka nje bila kusita.

Mpira wenyewe utazame tangu siku ya kufungwa. Ushuke moja kwa moja, angalau sentimita moja kwa kila mita, usipande popote wala kukunjika, kwa kuwa penye tumbo maji husimama na utelezi huanzia hapo. Wengi wetu tunakinga maji hayo kwa ndoo ili tumwagilie maua, na ni jambo jema, ila mdomo wa mpira usizame ndani ya maji ya ndoo. Ukizama, hewa hunaswa ndani ya mpira na maji hukataa kushuka.

Utelezi ukishaanza, zima umeme kwanza, kisha fundi auvute kwa mashine ya kunyonya maji kutokea upande wa nje. Klorini ya kufulia usiimimine humo: hula alumini na shaba ya koili, na ikikutana na siki hutoa gesi ya sumu.

Kuna uvujaji mmoja unaofanana na huu ambao hauhusiani na mpira. Filta ikiwa chafu mno, au gesi ya kupozea iliyo ndani ya mashine ikipungua, koili huganda barafu, na barafu ikiyeyuka maji humwagika hata kama mpira uko wazi. Kabla ya kuulaumu mpira, fungua kifuniko cha mbele uangalie kama kuna weupe kwenye koili.