Maziwa hayaongezeki kwa kusimangwa

"Mama anayesuasua kunyonyesha hampendi mwanawe." Kauli hii humfikia mzazi akiwa bado ndani ya arobaini, tena kutoka kwa wifi au jirani aliyekuja kumwona mtoto. Si kweli. Wengi husuasua kwa sababu chuchu zimechanika na usiku wa tatu bila usingizi umewamaliza. Anachokosa ni mtu wa kumsaidia kumpakata mtoto vizuri: mdomo uwe wazi sana, ashike na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu, si ncha peke yake.

Huko Avon, Uingereza, watafiti walifuatilia maelfu ya wanawake waliojifungua mwanzoni mwa miaka ya 1990. Miongoni mwa wale ambao hawakuwa na dalili za sonona wakati wa ujauzito, waliopania kunyonyesha wakafanikiwa ndio waliokuwa na hatari ndogo zaidi ya kupata sonona baada ya kujifungua. Waliopania wakashindwa walikuwa hatarini kuliko wote. Basi mama anayelia kwa kuwa maziwa hayatoki huenda ndiye aliyetaka sana. Huyo ni wa kukaliwa karibu. Kumsema ni kumtonesha kidonda.

"Aliyerudi kazini na kuacha, hakuwa na nia." Nia haitoshi pasipo nafasi. Sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 inaruhusu hadi saa 2 za kunyonyesha kila siku ya kazi, na wanawake wengi hawajawahi kuambiwa.

"Huzuni huharibu maziwa." Hayachachi wala hayageuki sumu. Hofu na maumivu huweza kuichelewesha oksitosini, homoni inayoyasukuma yatoke. Ndiyo maana bakuli la mtori na mtu wa kumwogeshea watoto wakubwa ni msaada wa kweli.

"Akianza dawa za sonona, amwachishe mtoto." Si lazima. Sertralini, kwa mfano, hupita kidogo sana kwenye maziwa. Asiache titi wala dawa kabla ya kuzungumza na daktari.

"Kulia baada ya kujifungua ni kudeka." Machozi ya siku za mwanzo huwapata wengi na hupita ndani ya wiki 2. Yakizidi hapo, au akikosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, amweleze muuguzi siku ya kliniki. Akitamka kwamba anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake; apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.