Ukumbi wa mazoezi ya vikapu chuoni: pesa zianzie sakafuni

Wakuu wa michezo vyuoni wanaponiita kuzungumzia ukumbi mpya wa mpira wa vikapu, swali la kwanza karibu kila mara ni hili: utachukua watazamaji wangapi? Naelewa linakotoka. Chuo kinataka jengo la kuonyesha wageni, na idadi ya viti hutajika kwa urahisi mbele ya bodi. Lakini mazoezi hayana watazamaji. Yana wachezaji kumi na watano, makocha wawili watatu, mtu wa kufunga vifundo bandeji, na saa mbili za jioni kabla ya watu kukimbilia matatu. Kila shilingi inayokwenda kwenye viti imetolewa kwenye sakafu, kwenye ringi na kwenye taa, na mchezaji hukua kwa vitu hivyo vitatu.

Kazi yangu ni kukaa kati ya kocha, msanifu majengo na mwanakandarasi na kuhakikisha wanazungumza kuhusu kitu kimoja. Hapa nitaeleza ninavyolitazama jengo la aina hii, hasa likiwa Nairobi.

Timu za vyuo vyetu hazichezi na vyuo vingine pekee. Strathmore Blades na USIU Tigers upande wa wanaume, Strathmore Swords, USIU Flames na Zetech Sparks upande wa wanawake, zimecheza Ligi Kuu na kukutana na timu kama Ulinzi Warriors wa jeshi na KPA ya bandari ya Mombasa, yaani watu wazima waliokomaa kimwili na kimchezo. Nairobi City Thunder nao wakawa klabu ya kwanza ya Kenya kufuzu kwa Basketball Africa League, ligi ya vikapu ya klabu za Afrika, wakacheza Kigali mwaka 2025. Kiwango kimepanda, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anatakiwa kukifikia akiwa na mitihani, na mara nyingi akiwa na uwanja wa nje wa simiti. Masika huwa Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Kwa karibu nusu ya mwaka, kocha wa uwanja wa nje hajui kama Alhamisi kutakuwa na mazoezi au la.

Vyuo vikubwa vya Marekani vilitenganisha mazoezi na mechi zamani. Chuo Kikuu cha Kentucky kilifungua Joe Craft Center mwaka 2007, jengo la mazoezi ambamo timu ya wanaume na ya wanawake kila moja ina uwanja wake, huku wanaume wakiendelea kucheza mechi Rupp Arena. Ukubwa wa jengo lile si mfano wetu, pesa hizo hatuna. Cha kuiga ni hesabu iliyo nyuma yake. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinaruhusu saa 20 tu za mazoezi rasmi kwa wiki msimu ukiwa umeanza, na zisizidi 4 kwa siku, kwa hiyo wenzetu wamejifunza kuuliza kila dakika inazaa nini. Sisi saa zetu ni chache zaidi, ingawa hakuna kanuni iliyozipunguza.

Chukua mfano wa mitupo. Mtu mmoja akitupa, mwingine akiokota na kumrudishia, ringi moja inapokea mtupo mmoja kila sekunde tano hivi, yaani 240 katika dakika 20. Wachezaji 15 kwenye ringi mbili ni saba au wanane kwa kila moja. Kila mtu anatoka na mitupo kama 32. Ongeza ringi nne za pembeni, mbili kila upande wa urefu wa uwanja, na kila mtu sasa ana mitupo 96 katika dakika zilezile 20. Sijamwongeza kocha wala sijarefusha mazoezi. Ringi za pembeni zinazokunjwa kuelekea ukutani hugharimu sehemu ndogo sana ya jengo zima, na bado ndizo za kwanza kukatwa bajeti inapobana. Naomba makocha wazipiganie. Mchezaji hawezi kujenga mkono kwa kusimama kwenye foleni.

Vipimo vyenyewe ni vya kimataifa na havina mjadala: uwanja meta 28 kwa 15, ringi meta 3.05 kutoka sakafuni, mstari wa pointi tatu meta 6.75. Acha meta 2 tupu pande zote, na juu meta 7 zisizo na boriti, taa wala bomba. Maana yake ndani ya kuta unahitaji angalau meta 32 kwa 19. Nimeona michoro yenye uwanja kamili uliosukumwa hadi sentimita chache kutoka ukutani ili kupata ofisi ya ziada. Mtu anayekimbia kwa kasi zote kupachika mpira kikapuni kutoka chini ya ringi hawezi kusimama hapo.

Sasa sakafu, na hapa sitaharakisha. Mchezaji anaporuka kuwania ribaundi, yaani mpira uliokosa kuingia, na kutua, miguu yake inapokea nguvu ya mara kadhaa ya uzito wake, na anafanya hivyo mara nyingi mno kwa wiki. Juu ya zege, kinachobaki kuipunguza ni soli ya kiatu, misuli na goti lenyewe. Ndiyo maana wachezaji wengi wa viwanja vya nje wanalalamikia maumivu chini ya pia ya goti wakiwa bado vijana wa miaka ishirini. Kiwango cha Ulaya cha sakafu za ndani, EN 14904, kinataka sakafu ipunguze angalau asilimia 25 ya nguvu hiyo ikilinganishwa na zege tupu, na sakafu nzuri ya mbao ya vikapu hupunguza nusu au zaidi. Kiwango hicho pia kinataka mpira udunde angalau asilimia 90 ya unavyodunda kwenye zege, kwa sababu sakafu laini kupita kiasi humeza mpira na kuchosha miguu. Na kinapima mshiko: sakafu isiteleze, lakini pia isishike mno. Ikishika mno, kiatu hubaki palepale na goti linageuka peke yake, na hapo ndipo kano za ndani ya goti hukatika. Wanawake hupata jeraha hilo mara nyingi zaidi kuliko wanaume.

Sakafu ya mbao imepangwa kwa tabaka. Chini kabisa zege. Juu yake nailoni nzito ya kuzuia unyevu. Kisha vitako vidogo vya mpira, papi za mbao juu ya vitako, plaiwudi, na mwisho mbao nyembamba ngumu zinazoonekana, mara nyingi zilizotoka Amerika Kaskazini. Kinachomlinda mchezaji zaidi ni vile vitako na papi zisizoonekana. Mtu akikuletea sampuli ya mbao inayong'aa na hana cha kukuonyesha chini yake, mwambie arudi na kipande kilichokatwa kuanzia juu hadi chini.

Adui mkubwa wa sakafu hii ni maji yaliyo ndani ya zege. Kanuni ya mafundi ni mwezi mmoja wa kukauka kwa kila milimita 25 za unene, hivyo slabu ya sentimita 10 inataka kama miezi minne, na saa hiyo huanza kuhesabiwa paa likishakuwa juu. Mwanakandarasi aliyemwaga zege Februari, akasubiri mabati hadi Mei, bado yuko mwanzo. Njia rahisi ya kupima: bandika kipande cha nailoni angavu juu ya zege, chenye upana wa nusu meta hivi, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, kiache hadi kesho yake. Ukikuta matone chini ya nailoni, au zege limekuwa jeusi, mbao zisiguse hapo. Zikiwekwa zitanyonya maji, zitavimba, na kwa kukosa pa kwenda zitainuka katikati. Ndiyo maana pia tunaacha nafasi kati ya mbao na ukuta kuzunguka ukumbi mzima, nafasi ambayo wapaka rangi hupenda kuiziba wakidhani fundi alisahau.

Sakafu ikikamilika, naipima kwa mpira kabla ya kuileta mashine. Unauachia mpira kutoka meta 1.80, unatazama unarudi wapi, unasogea hatua mbili, unarudia, mpaka umemaliza uwanja. Fundi mmoja mzee tuliyefanya kazi naye hakuhitaji hata macho. Alikuwa akipiga magoti, anagonga mbao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. "Injinia, hapa pamekufa," aliniambia safari moja karibu na mstari wa mitupo huru. Tuliachia mpira pale, ukarudi chini ya magoti yangu. Mbao zilipofunguliwa, kitako kimoja cha mpira kilikuwa kimelala ubavu. Kazi ya nusu saa wakati ule. Baada ya makabidhiano ingekuwa barua za miezi.

Kuna jambo la jua ambalo wasanifu wengi hulibeba kutoka viwanja vya nje bila kulifikiria upya. Uwanja wa nje huelekezwa kaskazini na kusini, ili mtupaji asitazamane na jua la asubuhi au jioni. Kwa ukumbi, mimi hutaka kinyume chake. Nairobi iko karibu sana na ikweta, jua linachomoza na kutua upande wa mashariki na magharibi mwaka mzima, na wanafunzi wetu hufanya mazoezi saa kumi na mbili asubuhi au kuanzia saa kumi na moja jioni, jua likiwa chini. Laza jengo mashariki hadi magharibi. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini zikiwa na madirisha ya juu yenye vivuli, na kuta fupi, zilizo nyuma ya vikapu, zisiwe na dirisha lolote. Utapata mwanga wa bure mchana kutwa bila mwali wa jua machoni, na upepo wa kutosha kupunguza joto bila feni. Usiku taa za kiwango cha laksi 500 (laksi ni kipimo cha mwanga) zinatosha timu ya chuo, mradi hakuna taa iliyoning'inia juu ya ringi.

Paa la mabati matupu ni kosa lingine ninalolipigania mapema. Mvua ya Aprili ikipiga mabati, kocha anapiga kelele na mchezaji aliye meta kumi hasikii. Tabaka la sufi ya kioo chini ya mabati linanyamazisha mvua, linapunguza joto la Januari, na linazuia matone ya asubuhi yanayotokana na baridi ya Julai kuangukia mbao.

Halafu kuna mitihani. Ukumbi mkubwa usio na nguzo katikati utatamaniwa na ofisi ya mitihani, na kwaya, na waandaaji wa mahafali. Viti vya miguu ya chuma mia tatu vikiburutwa kwenye mbao kwa wiki tatu, sakafu inarudi kwa kocha ikiwa na mikwaruzo ya kudumu, na mara nyingi ni timu ndiyo inayofukuzwa msimu ukiwa umepamba moto. Ushauri wangu ni wa wazi: chuo kikijua moyoni kwamba kitautumia ukumbi kwa mitihani, kisinunue mbao. Kiweke sakafu ya vinaili ya michezo yenye povu chini yake, nzito na ya kiwango. Hailingani na mbao kwa miguu ya mchezaji, lakini inavumilia zaidi, na vinaili iliyotunzwa ni bora kuliko mbao zilizouawa. Kama ni mbao, iandikwe kwenye sera ya chuo kwamba hakuna kiti kinachoingia bila mazulia ya kinga.

Na tuzungumze na wahudumu wa usafi kabla ya siku ya kwanza. Tumezoea kupiga deki: ndoo, maji mengi, sabuni, tambara. Kwenye terazo ni sawa. Kwenye mbao za uwanja, ndoo moja ya maji kila asubuhi inafanya kazi ileile ya zege bichi, ila kutoka juu. Kinachotakiwa ni brashi pana kavu ya kukokota vumbi kabla ya kila kipindi, na kitambaa chenye unyevu kidogo pale jasho lilipodondoka. Vumbi jekundu la Nairobi likibaki sakafuni linasugua varnishi kama msasa.

Jimu ya vyuma iwe ghorofa ileile na uwanja, mlango wenye upana wa kupitisha vifaa. Chumba cha tiba ya viungo kiwe na maji moto na kitanda, basi. Kamera moja juu ya mstari wa kati na skrini moja ukutani vinamtosha kocha. Stoo iwe kubwa maradufu ya ile iliyochorwa.

Ratiba ndiyo inayonikera zaidi, hata katika majengo yaliyojengwa vizuri. Ukumbi unafunguliwa, wanaume wanapewa saa kumi na moja jioni, wanawake wanapewa saa mbili usiku, na mchezaji wa kike anatoka saa nne akitafuta matatu ya kwenda Rongai au Githurai gizani. Marekani ilihitaji sheria, Title IX ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, kulilazimisha suala hili. Sisi tunaweza kulimaliza kwenye mchoro. Ukitandika viwanja viwili sambamba, kila timu ina saa yake ya jioni. Ukiwa na kimoja, zamu zibadilishane kila wiki, na liandikwe kabla ya jiwe la msingi.

Mwisho wa ujenzi, chuo kizuie sehemu ya malipo ya mwanakandarasi hadi jengo lipite masika moja na vuli moja, na siku ya ukaguzi wa mwisho nahodha wa wanawake na nahodha wa wanaume wawepo, wakiwa na viatu vya kuchezea na mipira. Wapewe saa nzima ya kuizunguka sakafu kabla ya mtu yeyote kutia sahihi.